Migomba kwenye mashimo ya jakaranda

Jumatano jioni, Tukuyu.

Mvua imekatika sasa hivi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jirani, soksi zangu nzito ziko miguuni, chai ya maziwa iko mezani, na mimi nacheka peke yangu. Baba Tumpe ameshaniuliza mara mbili kama niko salama. Nimemwambia niko salama kabisa, aendelee na taarifa yake ya habari.

Shajara yangu, leo nimechoka vizuri. Nimechoka uchovu wa mtu aliyeshinda. Ila ukiniuliza nimeshindaje, itabidi nikusimulie kila kitu, na humo ndani kuna sehemu moja ambayo sijivunii hata kidogo. Nitaiandika tu, maana ndiyo kazi ya kurasa hizi.

Kwa aliyefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ndiye msimamizi wa bustani na maeneo ya wazi ya wilaya yetu ya Rungwe. Cheo kinasikika vizuri. Watu wakikisikia wananifikiria nimevaa kofia ya ukili, nanusa waridi. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni nyasi. Nazunguka na pikipiki ya ofisi na koti la mvua, leo Kinyala kwenye kiwanja cha mbele ya ofisi ya kata, kesho Ibighi kwenye kona ya barabara, keshokutwa sijui wapi, na kila ninakokwenda nakuta nyasi zimenitangulia. Tukimaliza kufyeka upande huu, upande tulioanzia umeshakuwa kichaka. Wenzangu wa mikoa mingine wanalia kwamba bustani zao zimekauka. Mimi nalia kwamba zangu zinaota.

Nina bahati ya watu wenye ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wenyewe wanafungiwa bandani, kwa hiyo majani lazima yaletwe, na kina mama wanajua kila sehemu yenye majani marefu kuliko ninavyoijua mimi. Tumekubaliana kimya kimya: wao wanakata, ng'ombe anakula, mimi napata kiwanja safi. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Bila wao ningeshaacha kazi nikauze vitumbua.

Sasa nije kwenye bustani ya Bulyaga.

Usifikirie bustani ya kwenye picha. Ni kipande cha ukoka kinachotazamana na mlango wa kituo cha afya, chenye mabenchi mawili ya zege, bomba moja la maji na ua wa miti midogo ambao nusu yake mbuzi wameula. Lakini ndiyo bustani ninayoipenda kuliko zote. Watu wanaoleta wagonjwa kutoka vijijini wanashinda pale. Wanafungua vyakula vyao, wananyonyesha, wananyoosha miguu, wanaanika kanga kwenye ua, na wote jicho liko mlangoni maana muuguzi akitoka kuita jina la mgonjwa, ndugu lazima asikie. Tumpe alipozaliwa, mama yangu mzazi alikaa kwenye lile benchi la kushoto tangu asubuhi mpaka akaitwa. Sijawahi kulipita bila kulitazama.

Mwenyekiti wa kamati ya madiwani inayoshughulika na ardhi ya mji alikuwa anaitaka sehemu hiyohiyo iwe maegesho ya bodaboda na bajaji. Si mtu mbaya. Vijana wa bodaboda wanamsumbua kila siku, na yeye akitazama pale haoni bustani, anaona pori lenye mabenchi. Alisema hivyo kwenye kikao, mbele yangu. Nikaomba nipewe nafasi nipande miti ya kivuli na kupanga vizuri, halafu waje wenyewe waangalie. Wakakubali. Jumatano, yaani leo, kamati ingekuja na kuamua palepale: wakikuta bustani, ibaki, wakikuta pori, greda lije kuchonga.

Nikachagua jakaranda. Miche yake ilikuwa tayari kitaluni Kinyala, imenyooka na imeshiba. Ijumaa mimi na Ambakisye, mfanyakazi mwenzangu, tukachimba mashimo kutwa nzima. Mashimo mapana, ya kina, udongo wa juu upande huu na wa chini upande ule, kila kitu kama inavyotakiwa. Gari la ofisi lilikuwa lifuate miche mchana uleule. Likaharibika. Dereva akasema Jumatatu. Nikasema hakuna shida, nikapangusa mabuti, nikaenda zangu nyumbani.

Nikaacha mashimo wazi. Rungwe. Wikiendi nzima.

Mgeni angesamehewa. Mimi nimezaliwa Kinyala, nimekulia migombani, nimetumwa kuomba machipukizi kwa majirani tangu sijaanza shule. Najua watu wangu. Udongo mtupu kwetu hauachwi. Mtu akichimba choo kipya, ule udongo uliotolewa tu, kabla choo hakijaezekwa, juu yake umeshaota mmea wa maboga wa mtu fulani. Najua yote hayo, na bado nililala usingizi mzuri Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu asubuhi nafika Bulyaga, nakuta migomba.

Kila shimo. Kila shimo lina chipukizi la mgomba limesimama katikati, limezungushiwa samadi, limefunikwa nyasi kavu chini lisipoteze unyevu. Kazi safi ajabu. Kazi ambayo vibarua wangu hawajawahi kunifanyia hata siku moja. Ambakisye alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye ukingo wa toroli, anacheka mpaka machozi. Nilitamani kumpiga na koleo.

Kabla sijauliza, jibu likaja lenyewe kwa miguu. Mama mkwe wangu, Mama Lusajo, anavuka barabara, mwavuli mkono mmoja, ndoo ya samadi mkono mwingine, uso umejaa furaha.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umeona? Tumekusaidia."

Akanieleza. Jumapili walipotoka ibadani, yeye na wenzake wa kikundi cha kina mama walipita pale wakaona mashimo. Mashimo mazuri, ya mkwe wake. Wakajua moja kwa moja kwamba halmashauri imeishiwa machipukizi, na wakanionea huruma. Kila mmoja akaenda kung'oa kwake, wakarudi na majembe, wakamaliza kabla mvua haijaanza. Wakasema ndizi zikikomaa watakula hawa hawa wanaouguza, maana wengine wanashinda na njaa.

Haikumjia hata mmoja wao kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuchimba shimo namna ile kwa ajili ya mti usioliwa.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana wengine mnaosoma mtasema si ningemwambia tu. Mama mkwe kwetu haambiwi "umekosea." Namheshimu na nampenda pia, hilo liandikwe. Ila tangu niolewe, akihamisha sufuria zangu, nasema asante mama. Akimnyoa Tumpe nywele nilizomsuka jana yake, nasema asante mama. Nakwenda chumbani, naongea na ukuta kidogo, narudi nikiwa mtu mzuri. Ndivyo nilivyofundwa, na ndivyo wakwe wengi wa hapa wanavyoishi.

"Asante sana, mama," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe.

Akanipa ile ndoo ya samadi nimalizie shimo la mwisho, lililopata kidogo. Nikamalizia.

Jana, Jumanne, nikaamka nimekasirika. Kamati inakuja kesho yake. Kwenye mchoro niliowapelekea kuna miti ya kivuli, kwenye ardhi kuna shamba la migomba. Mwenyekiti hakuhitaji sababu nyingine. Nikamwambia Ambakisye tuing'oe yote, tuirudishe kwa wenyewe kistaarabu, tupande jakaranda tumalize. Gari lilikuwa bado halijapona lakini ningekodi hata bajaji ifuate miche.

Akanitazama kama vile nimemwambia tukavunje kanisa.

"Bosi, mimi kazi zote nafanya. Mifereji nimezibua, nyoka nimeua. Mbombo ngafu, kazi ni ngumu, sikatai. Lakini mgomba uliopandwa na mama yako mkwe siung'oi. Nifukuze tu."

Sikumfukuza. Nilimtuma Ibighi akafyeke, nikabaki peke yangu na jembe. Nikaanza na ule wa karibu na bomba. Udongo ulikuwa umelowa, ukatoka kirahisi, na vijizizi vyeupe vilikuwa vimeanza kushika. Nikausimamisha pembeni. Nikaona mama mmoja kwenye benchi la kushoto ananiangalia. Alikuwa na kikapu miguuni na kitambaa kichwani, mmoja wa wale wanaouguza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala siku nyingi:

"Dada, huo umefanya nini?"

Nilitaka kumwambia kuhusu mchoro, kuhusu kamati, kuhusu jakaranda na maua yake ya zambarau. Nikamwangalia, nikaangalia ule mgomba na jani lake la katikati lililoanza kuchungulia. Nikaona aibu, aibu ile inayopanda mpaka masikioni. Nikaurudisha shimoni harakaharaka, nikasukumia udongo, nikakanyaga na buti, nikaondoka bila kuaga. Sikugeuka hata kuangalia kama umesimama.

Hiyo ndiyo sehemu niliyosema sijivunii.

Leo sasa.

Kamati ilifika saa nne, miavuli imekunjuliwa, mwenyekiti mbele na viatu vyeusi vinavyong'aa ambavyo nilivihurumia tangu mbali. Nilikuwa nimefyeka ukoka, nimepaka mabenchi chokaa, nimeziba matundu ya mbuzi kwenye ua. Ambakisye alikuwa amevaa shati la kanisani. Watu wa kituo cha afya walikuwa wengi, mabenchi yamejaa, wengine wamekaa kwenye majani juu ya mifuko ya salfeti. Na pembeni ya ua, wakiwa wamevalia vitenge vyao vya sare ya kikundi, walikuwa wamesimama kina mama. Mama mkwe alikuwa na jembe. Walikuwa wamekuja kuona kazi yao ikisifiwa.

Mwenyekiti akazunguka. Akaangalia shimo la kwanza, la pili, la tatu. Akafungua karatasi ya mchoro wangu, akaifunga.

"Msimamizi, hii si bustani," akasema. "Hili ni shamba. Shamba katikati ya mji. Nani kaidhinisha?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nimelifanyia mazoezi barabarani kote: mheshimiwa, ni makosa ya kina mama fulani, walidhani wanasaidia, tunayarekebisha leo hii. Jibu zuri, la kweli, lingeniokoa. Nikageuza macho, nikamwona mama mkwe amesimama wima na sare yake, tabasamu bado halijamtoka, hajaelewa kwamba mambo yameharibika.

Nikalimeza.

"Mashimo ni yangu, mheshimiwa," nikasema. "Na migomba ni yetu. Ni ya hawa wanaouguza."

Nilijua nimeiuza bustani kwa sentensi moja.

"Basi kama ni shamba, halina nafasi hapa," akasema mwenyekiti. Hakusema kwa ubaya, alikuwa kama mtu aliyepumua. "Tumalizane. Migomba itolewe, greda lije, vijana wapate sehemu ya kuegesha."

Tabasamu la mama mkwe likatoweka. Niliona linavyotoweka. Akasogea mbele taratibu, wenzake nyuma yake, mpaka akafika mbele ya mwenyekiti, akanyamaza. Alikuwa anasubiri. Mwenyekiti ni mtu mkubwa lakini kwa mama mkwe wangu ni kijana tu, na kila mtu pale alijua nani anatakiwa kuanza. Ikabidi aanze.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, tata, baba yangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Wakajuliana hali mpaka mwisho, mvua inadondoka, kamati nzima inasubiri. Walipomaliza, mama mkwe akamnyooshea jembe.

"Kama haitakiwi, tata, ing'oe. Sisi tulipanda kwa mikono yetu, na wewe ing'oe kwa mikono yako. Hatuna neno."

Akalipokea. Sidhani kama alitaka, ila mama akikupa kitu kwa mikono miwili huwezi kumwachia hewani. Akampa mwavuli karani wake, akaelekea kwenye mgomba uliokuwa karibu zaidi, na shajara yangu, ulikuwa ule wa bomba. Wangu. Umepinda upande kama mlevi anayesikiliza habari, shina nusu nje, udongo umeshindiliwa upande mmoja tu na alama ya buti langu ipo palepale.

Akainua jembe. Akaliteremsha. Akainama.

"Huu nani kaupanda?"

Akautikisa kwa kidole.

"Hapana, jamani. Mgomba haupandwi hivi. Huu ukipigwa na upepo wa leo tu, uko chini. Nani kaupanda?"

Ambakisye alikuwa anaangalia mawinguni. Mimi nilikuwa naangalia mabuti yangu.

Mwenyekiti akaguna, akapiga jembe. Lakini hakung'oa. Aliufukua pembeni, akaunyoosha, akamwambia karani amshikie hapo juu, hapo, usiusukume, akarudisha udongo kidogokidogo na kuukandamiza na kile kiatu chake kinachong'aa, kulia na kushoto, mpaka ukasimama wima kama askari. Kisha akarudi nyuma kuuangalia na kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nilimfahamu palepale. Baba yangu anasimama vilevile akimaliza kupanda mgomba.

Halafu, bila kuombwa na mtu, akaenda kwenye wa pili.

"Na hapa maji yataingia shimoni. Mngechimba mfereji mdogo uelekee kule."

"Na ule wa kule, mheshimiwa!" akaita mzee mmoja kutoka benchini, amebandika plasta kubwa kwenye kidole. "Ule nao umekaa vibaya."

"Nauona, nauona."

Mtu akacheka. Kisha wawili. Diwani mwanamke aliyekuwa kwenye kamati, ambaye hakuwa amesema neno tangu wafike, akaweka mkono kiunoni na kuuliza kwa upole wote:

"Mwenyekiti, naomba nielewe. Greda likija litaanza na huo uliounyoosha wewe, au tuuache huo peke yake katikati ya bodaboda?"

Bustani nzima ikalipuka. Kina mama wakapiga vigelegele, yule mzee akapiga benchi na mkono wake mzima, hata muuguzi akatoka mlangoni kuangalia kuna nini. Mwenyekiti alisimama na jembe mkononi, tope mpaka kwenye suruali, akajaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu. Kisha akaangalia viatu vyake, mabega yakaanza kutikisika, akacheka naye, kicheko kikubwa cha mtu aliyekulia kijijini.

Wakaenda kunong'ona chini ya miavuli. Haikuwachukua muda. Bustani inabaki. Vijana wa bodaboda watatafutiwa sehemu nyingine, na mwenyekiti amesema atawaambia yeye mwenyewe. Miti ya kivuli ipandwe kama nilivyoahidi, na migomba ikae vizuri isizibe njia. Alipoondoka alimrudishia mama mkwe jembe lake baada ya kulifuta kwenye majani pande zote mbili.

Nililia kidogo. Nilisingizia mvua.

Ningetamani kukomea hapa, ila kuna la njiani.

Nilimsindikiza mama mkwe mpaka kwake Ibighi, tukitembea polepole kwa sababu ya utelezi. Nilikuwa naongea sana. Naongea nikifurahi, na naongea zaidi nikiogopa. Yeye alikuwa anaangalia anapokanyaga. Tulipofika kwenye kale kadaraja akasimama.

"Ule uliopinda haukuwa wangu," akasema.

Nikaangalia maji chini ya daraja.

"Nilipanda kwa mikono yangu ule wa bombani. Mimi sipandi hivyo."

Ningeweza kumwambia ni mbuzi. Nilifikiria mbuzi, kwa kweli. Badala yake nikamweleza yote, nimesimama kwenye matope na kichwa chini: jakaranda, mchoro, Jumanne asubuhi, yule mama wa benchi. Nikaomba msamaha. Nikasubiri.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Mama, ningekuambiaje?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja, mwavuli ukageuka, nikaanza kuogopa atateleza. Kisha akatulia, akajifuta macho na ncha ya kitenge.

"Mama mkwe wangu alikuwa akiwaogesha watoto wangu kwa maji ya baridi," akasema. "Hapa, kwenye baridi hii. Watoto wote, tangu huyo mumeo. Moyo ulikuwa unaniuma, nakwenda jikoni nalia. Sikumwambia. Nikasubiri. Nikamzika, sijamwambia." Akanikamata mkono, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Wewe usije ukanizika mimi na maneno yako tumboni. Umesikia, mwanangu?"

Nilisema ndiyo mama. Tukaendelea kutembea, na akaanza kunisimulia bei ya viazi kana kwamba hakijatokea kitu.

Sasa niko hapa mezani, chai imepoa, na nimekumbuka jambo ambalo limeniondolea usingizi wote. Gari limepona. Miche ya jakaranda inafika kesho asubuhi, na hakuna shimo hata moja. Mengine nitachimba pembezoni, hilo si tatizo. Tatizo ni ile migomba iliyo mbele ya mabenchi. Sasa hivi ni midogo, haina madhara. Lakini migomba ya Rungwe hainisubiri. Ikikua itafunika mlango wa kituo cha afya, na mtu aliyekaa pale hatamwona muuguzi akitoka kuita jina la mgonjwa wake. Lazima ihamishwe upande wa bomba, na ihamishwe kesho kabla haijashika.

Nayo aliipanda mama mkwe mwenyewe, kama ule wa bombani. Alinionyesha Jumatatu, akanisimulia imetoka shina gani.

Ningeweza kumtuma mume wangu, Lusajo, mama ni wake. Ningeweza kumsingizia mwenyekiti. Ningeweza kumwachia Ambakisye, ambaye atanipa barua ya kuacha kazi kabla sijamaliza sentensi. Nimezipitia njia zote hizo na zote nimezitupa. Kesho nitakwenda Ibighi mwenyewe, nitapiga hodi, nitamwamkia vizuri, nitasubiri aitikie. Halafu nitamwambia: hapana mama, si pale.